Redio ya transista 6 za jemaniamu: inapiga put-put, inakula 31 mA, chini ya 800 kHz kimya

waya_mwekundu

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kabla sijashika chuma cha kulehemu.

Redio ni ya kubeba, sanduku la mbao lililovikwa ngozi bandia, mawimbi ya kati na marefu, betri ya 9 V. Mpangilio wake ni ule wa kawaida: OC44 mwanzoni, OC45 mbili, dayodi OA70, OC81D ya kusukuma, halafu OC81 mbili za kutolea zikiwa na transfoma mbili, ya kuingilia na ya kwenda spika. Zote ni PNP, chanya ya betri ndiyo iko kwenye chasisi. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko inasema IF (masafa ya ndani ambayo kila stesheni hugeuzwa kwayo kabla ya kukuzwa) ni 470 kHz.

Dalili:

Stesheni zenye nguvu zinasikika kuanzia 800 kHz kupanda, ila sauti ni hafifu. Chini ya 800 hakuna kitu, hata ule mvumo wa hewani unapotea.

Nikipandisha sauti kupita nusu inaanza put-put-put hadi niishushe.

Swichi ya sauti inakwaruza sana. Vibano vya betri vina ukungu wa kijani.

Vipimo vyote nimechukua kutoka chasisi, sauti ikiwa imeshushwa kabisa. Betri 8.9 V ikiwa kazini. Mkondo mzima 31 mA. Laini ya hasi inayolisha OC44 na OC45, yaani baada ya rizista ya 470 Ω, inasoma 4.6 V. Kapasita ya elektroliti ya laini hiyo ni 100 µF, na nyingine ya 100 µF iko sambamba na betri. Emita za OC81 zinakutana kwenye rizista moja ya 4.7 Ω.

Maswali: nianzie wapi? Nibadilishe kapasita zote kwa mpigo? Na vile viini vya transfoma za IF niviguse au niviache?

---

Miliampia

Mkuu, vipimo vyako vinajieleza vyenyewe. Piga hesabu ya hiyo 470 Ω: 8.9 toa 4.6 ni 4.3 V, gawanya kwa 470 unapata 9.1 mA. Transista tatu za mbele kwenye mpangilio huu hula 2 hadi 2.5 mA zote pamoja, kwa hiyo laini ilitakiwa isome 7.7 hadi 7.9 V. Kuna kama 6.5 mA zinazopita pasipo na transista, na mshukiwa wa kwanza ni hiyo elektroliti ya 100 µF inayovuja kwenda chasisi. Nyanyua mguu wake mmoja, washa, soma tena. Volti ikiruka kufika karibu na 7.8, umeshampata mwizi.

Usishangae kwamba kapasita moja inaleta matatizo mawili. OC44 ndiyo inayochanganya na ndiyo osileta, yaani inatengeneza mawimbi ya ndani ya kuchanganywa na ya stesheni. Ikilishwa 4.6 V badala ya 7.8 inabaki na nguvu ya kutetemesha koili upande mmoja tu wa mkanda, kwingine inakata. Na OC45 zikipungukiwa volti, sauti nzima inanyong'onyea.

Ile put-put ni suala la elektroliti nyingine, ile iliyo sambamba na betri. Hiyo kwa kawaida haivuji, inakauka. Ikikauka, ukinzani wa betri na wa vibano vyenye kutu unakuwa njia ya pamoja kwa hatua ya mwisho na hatua za mbele: OC81 zikivuta mkondo, volti inadondoka, hatua za mbele zinahisi, mzunguko unaanza upya. Ipime kwa njia rahisi: redio ikiwa imezimwa, shikiza 100 µF mpya juu ya ile ya zamani, CHANYA KWENYE CHASISI, kisha washa. Put-put ikikoma, umemaliza.

Sasa mkondo. 31 toa 9 za mbele, toa 2 au 3 za OC81D, zinabaki kama 19 mA kwenye OC81 mbili bila sauti yoyote. Ni nyingi mno. Jozi hiyo ikiwa imetulia hula 3 hadi 6 mA. Pima volti juu ya 4.7 Ω: ukikuta karibu 90 mV, hesabu imekubali. Papo hapo pima na beisi zake (mguu unaoiamrisha transista), kwa maana kipimo cha beisi ndicho kinachotenganisha magonjwa mawili:

Beisi ikiwa karibu 0.15 V na mkondo bado ni mkubwa, transista yenyewe inavuja. Iguse, itakuwa na vuguvugu.

Beisi ikiwa 0.25 V au zaidi, transista hazina kosa. Zinaamrishwa vibaya na rizista za kuzilisha beisi.

Usiiache ikiwaka muda mrefu hadi hapo patakapotengemaa. Jemaniamu ikipata joto inavuja zaidi, ikivuja zaidi inapata joto zaidi, na OC81 nzima siku hizi hazipatikani kirahisi.

---

FeraitiNdefu

Naongezea kwenye ukimya wa chini ya 800 kHz, kwa sababu dalili hiyo ina vyanzo viwili na watu huvichanganya.

Ukizungusha kwenda masafa ya chini, bamba za gangi (kapasita ya kuzungusha ya kutafutia stesheni) zinaingiana. Bamba moja ikiwa imepinda, inagusana na jirani yake hapo hapo na kila kitu kinakatika. Tofauti iko masikioni: bamba zikigusana unasikia mikwaruzo na mipasuko unapozungusha. Osileta ikikata, kunakuwa kimya taratibu bila mkwaruzo. Maelezo yako yanaelekea kwenye osileta, lakini hakikisha. Fungua waya za koili kwenye gangi, weka mita kwenye omu kati ya kila sehemu na fremu, zungusha mwanzo hadi mwisho. Haitakiwi isome chochote. Ikisoma, tafuta mahali penyewe kwa mwanga wa tochi ukipitisha kwa nyuma, kisha nyoosha bamba kwa wembe butu. Usikunje zile bamba za pembeni zilizokatwa mapengo bila sababu, hizo kiwandani zilipindwa kwa makusudi ili alama za kioo zilingane.

Kuijua osileta kama inafanya kazi huhitaji oskiloskopu. Chukua redio nyingine yoyote yenye mawimbi ya kati, iweke kando yake, sentimita chache tu. Osileta hukaa juu ya stesheni kwa kiasi cha IF. Redio yako ikiwa kwenye 600 kHz, osileta yake iko 600 + 470 = 1070 kHz. Weka redio ya pili kwenye 1070 penye stesheni dhaifu au pavumapo hewa tu, halafu zungusha ya kwako taratibu kupita 600. Osileta ikiwa hai utasikia mluzi, au mvumo unaminywa ghafla. Rudia kwa 1000 (sikiliza 1470). Ukipata mluzi kwa 1000 na usipate kwa 600, jibu unalo.

Njia ya pili ni mita tu: soma emita ya OC44, kisha gusisha sehemu ya osileta ya gangi na fremu kwa kipande cha waya. Volti ya emita ikicheza, osileta ilikuwa inatetemeka. Ikibaki ilivyo, ilikuwa imekufa kabla hujaigusa.

---

kasi_ya_umeme

Mimi ningeng'oa OC81 zote mbili niweke transista za silikoni za PNP, nibadilishe kapasita zote hadi za seramiki, halafu nizungushe IF hadi sauti iwe juu. Mchana mmoja kazi imekwisha.

---

NuktaNyekundu

Hapana mkuu, hapo utamharibia mwenzetu.

Silikoni inahitaji 0.6 V kati ya beisi na emita ndipo ifunguke. Saketi hii inatoa 0.15. Ukiweka silikoni bila kubadili rizista za beisi, transista zinalala hadi sauti iwe kubwa, na kila neno linatoka limekatwa katikati. Inawezekana ukipanga upya rizista, lakini kwa nini, wakati hatujajua hata kama OC81 zina kosa?

OC45 ndiyo kabisa usiiguse kwa kubahatisha. Ndani yake kuna uwezo mkubwa wa kurudisha mawimbi kutoka kolekta kwenda beisi, kwa hiyo saketi ina kapasita ndogo ya kuubatilisha, iliyochaguliwa kwa ajili ya OC45. Ukiweka transista ya aina nyingine, kapasita hiyo inazidisha dozi na redio inapiga mluzi kwenye kila stesheni.

Kuhusu kapasita: badilisha elektroliti zote, hilo sina ubishi, kwa sababu zote zina umri mmoja na ugonjwa mmoja. Kwenye redio kama hii zinakuwa nne hadi saba: mbili za 100 µF ulizotaja, ya 8 au 10 µF kutoka swichi ya sauti kwenda OC81D, nyingine ya ukubwa huo kwenye laini ya AGC (inayopunguza ukuzaji yenyewe stesheni ikiwa na nguvu), na ya emita ya OC81D. Za 16 V zinatosha kote, za 25 V pia sawa. Badilisha MOJA, washa, sikiliza, pima mkondo, nenda inayofuata. Ukibadilisha saba kwa mpigo na moja ukaigeuza, utatafuta kosa ulilolileta mwenyewe. Seramiki na za polyesta ziache, haziharibiki mara kwa mara.

Ukitoa transista yoyote: nukta nyekundu iko upande wa kolekta, beisi iko katikati. Bana mguu kwa koleo nyembamba kati ya mwili wa transista na lehemu ili joto liishie kwenye koleo, chuma cha 25 W, sekunde mbili au tatu. Kiungo cha jemaniamu kikomo chake ni kama nyuzi 75 tu. Tena angalia OC44 na OC45 za kioo: zimepakwa rangi nyeusi ili mwanga usiingie. Rangi ikiwa imebanduka, mwanga unaongeza uvujaji na redio inabadilika tabia ukiifungua na kuifunga. Paka rangi nyeusi, basi.

Viini vya IF usiviguse sasa. Redio yenye volti mbovu haipangwi.

---

waya_mwekundu

Shukrani wakuu. Majibu ya vipimo:

Jaribio la redio ya pili: kwa 1000 mluzi upo, kwa 600 hakuna. Gangi haigusani popote.

Nimenyanyua 100 µF ya laini ya mbele, volti ikapanda hadi 7.8. Nimeweka mpya, imebaki 7.8. Mkanda mzima sasa unasikika, mluzi wa 600 umetokea. Mkondo umeshuka kutoka 31 hadi 24 mA.

100 µF ya betri nimebadilisha, put-put imekwisha.

Juu ya 4.7 Ω nasoma 92 mV. Beisi za OC81 ni 0.27 V zote mbili. Kutoka hapo hadi chasisi kuna rizista ya 150 Ω ikiwa sambamba na kitu cheusi cha duara kama kifungo kidogo, na kutoka laini ya hasi kuna 4.7 kΩ. Redio ikiwa imezimwa, mita inasoma 148 Ω kwenye hiyo ya 150.

---

Miliampia

Basi OC81 ziko salama. Kifungo hicho cheusi ni thamista, na imekatika. Kama ingekuwa nzima, sambamba na 150 Ω ungesoma chini ya 100, sio 148. (Unapopima hapo geuza ncha za mita usome mara mbili na uchukue kubwa, kwa sababu njia kupitia transfoma inafika kwenye beisi na mita inaweza kuifungua jemaniamu.)

Hesabu inafunga: 4.7 kΩ inapitisha karibu 1.9 mA. Kwa 150 Ω peke yake hiyo ni kama 0.28 V, na beisi zinakunywa kidogo, ndiyo 0.27 yako. Tunataka 0.17 hivi, yaani ukinzani wa jumla wa karibu 95 Ω.

Kabla ya kununua, chungulia miguu ya thamista. Mara nyingi lehemu imeachia kwenye kifungo chenyewe, au mguu umevunjika pale unapoingia kwenye bodi. Kama imekufa kweli, tafuta NTC (thamista ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda) ya 250 hadi 330 Ω kwa nyuzi 25. Kwa kujaribu weka rizista ya kawaida ya 270 Ω mahali pake: 150 na 270 sambamba ni 96 Ω. Juu ya 4.7 Ω utaona kama 19 mV, sawa na 4 mA. Ukiwa na rizista ya kawaida redio itapiga vizuri ndani ya nyumba, ila usiiache juani, kwa kuwa kazi ya thamista ni kushusha beisi pale joto linapopanda na rizista haijui joto.

Ukishusha kupita kiasi pia kuna adhabu: chini ya 2 mA sauti ndogo inakwaruza wakati kubwa iko safi. Hiyo ni transista mbili kupokezana vibaya katikati ya wimbi. Kwa hiyo sikiliza maneno kwa sauti ya chini kabisa ndipo uamue.

---

NuktaNyekundu

Vibano vya betri usivisahau. Betri ya zinki na kaboni ikivuja inaacha asidi, futa kwa magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji. Ya alkali inaacha alkali, hiyo inataka siki au limau. Zote mbili malizia kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha spiriti, iache ikauke. Kutu ya kijani hutembea ndani ya mpira wa waya: kata sentimita moja moja hadi uone shaba inayong'aa. Lehemu haishiki kwenye waya mweusi hata uubembeleze vipi.

Swichi ya sauti: dawa ya kusafishia vigusano, matone mawili ndani kupitia pengo la miguu, zungusha mwanzo mwisho mara ishirini. Mafuta ya kulainisha kutu hayafai, yanalainisha leo na kukusanya vumbi kesho. Ikikwaruza tena baada ya kusafishwa, badilisha ile kapasita ya kwenda OC81D. Inavuja, inapitisha mkondo wa moja kwa moja kwenye kaboni, na kaboni yenye mkondo huo hukwaruza hata ikiwa mpya.

Kama kuna tundu la kisikizi, safisha na lile bati lake linalokata spika. Likishika kutu sauti inapotea nusu na watu wanalaumu transfoma.

---

waya_mwekundu

270 Ω imeingia: 20 mV juu ya 4.7 Ω, mkondo mzima 9 mA kamili. Sauti safi juu na chini. Limebaki moja: stesheni ya 1000 kHz inatokea penye alama ya 1030, na ya karibu na 600 inatokea penye 590. Sasa naruhusiwa kugusa viini?

---

FeraitiNdefu

Unaruhusiwa, ila si vya IF. Ukali wa kuchagua stesheni ukiwa mzuri na sauti haitoki mahali pawili kwa stesheni moja, IF ziache zilivyo. Alama kuhama ni kazi ya osileta peke yake.

Kabla ya yote, funga gangi hadi mwisho na uangalie kama mshale umesimama kwenye alama ya mwisho ya kioo. Uzi wa mshale huteleza. Usogeze mshale kwanza, maana huenda nusu ya kosa ikaisha hapo.

Kisha, kwa mawimbi ya kati:

1. Mshale penye 600. Zungusha kiini cha koili ya osileta hadi stesheni unayoijua ikae mahali pake.
2. Mshale penye 1400. Zungusha trima ya osileta, ile kapasita ndogo juu ya gangi, hadi stesheni ya huko ikae mahali pake.
3. Rudi 600, halafu 1400, tena na tena. Kila moja inaisukuma nyingine kidogo, kwa kawaida mara tatu au nne zinatosha.
4. Osileta ikishatulia, nenda 600 usogeze koili ya mawimbi ya kati kwenye fimbo ya feraiti, milimita kwa milimita, hadi sauti iwe kubwa zaidi. Imeshikwa na nta, ipashe kwa hewa ya moto kidogo, usiing'oe. Waya wake una nyuzi nyingi nyembamba sana, zikikatika tatu nne upokeaji unashuka na kwa macho huoni kitu.
5. Nenda 1400, panga trima ya antena. Rudia hatua ya 4 na ya 5.

Mawimbi marefu yapange baada ya hapo, kwa sababu kwenye redio nyingi yanaazima trima za mawimbi ya kati.

Tumia stesheni dhaifu. Yenye nguvu inaamsha AGC, nayo inasawazisha sauti kiasi kwamba kilele kinajificha. Au weka mita kwenye emita ya OC45 ya kwanza: mawimbi yakiongezeka, AGC inapunguza mkondo wake na volti inashuka. Tafuta mahali inaposhuka zaidi, inaonyesha vizuri kuliko sikio.

Kifaa cha kuzungushia kiwe cha plastiki, kinene kujaa mtaro wa kiini. Bisibisi ya chuma inabadilisha koili yenyewe, ukiitoa kila kitu kinahama, na ncha nyembamba inapasua feraiti. Kiini kikikataa kuzunguka, kuna nta au uzi wa mpira uliowekwa ili kisitikisike. Kipashe kidogo kwa kukaribisha chuma cha kulehemu juu ya kopo la koili bila kugusa, subiri, jaribu tena robo mzunguko kwenda na kurudi.

Fimbo ya feraiti usiiegemeze kwenye meza wakati bodi iko nje. Ikidondoka kwa urefu wa kiganja inavunjika. Ikishavunjika, gundi ya epoksi inaiunganisha vizuri endapo vipande vinakutana bila pengo, lakini koili zote mbili itabidi uzipange upya kuanzia hatua ya 4.